Walimu wa Kimombo njooni: "cool down" ni kupoa, kutulia au kupunguza hasira?

#1 Mlima Nyoka
Wakuu, heshima mbele. Kuna zoezi la kidato cha tatu linazunguka kwenye magrupu ya walimu huku Mbeya, na majibu yanagongana. Sentensi ni hizi:

"Let the milk cool down."
"Let him cool down before you talk to him."
"It cools down quickly after sunset in Njombe."

Ya kwanza haina shida, maziwa yapoe. Ya pili wengine wanatafsiri "mwache apoe", wengine "mwache atulie", na kuna aliyeandika "mwache apate ubaridi". Ya tatu ndiyo imeleta vita: ni nini hicho kinachopoa Njombe? Dai langu: "cool down" na "calm down" ni kitu kimoja, na anayemkata mtoto alama kwa kubadilisha anamwonea. Anayebisha alete hoja.

#2 Kalamu Nyekundu
Nabisha. "Cool down" inadai kwamba joto lilikuwepo kwanza. Kwa maziwa ni joto la moto wa jiko, kwa mtu ni hasira au mabishano yaliyopamba moto. "Calm down" haiulizi umetokea wapi: mtoto anayelia, mgonjwa mwenye hofu, shabiki aliyepagawa kwa furaha baada ya goli, wote hao unaweza kuwaambia "calm down". Mtoto anayelia kwa kuogopa mbwa ukimwambia "cool down", Mwingereza atakuelewa lakini atashangaa, maana mtoto hakukasirika na mtu.

Kwa hiyo sentensi ya pili ukiweka "calm down" hujakosea sarufi, ila umepoteza habari. "Cool down" inatuambia jamaa aliwaka. "Calm down" haituambii alikuwa na nini.

Ya tatu: hiyo "it" haina mwenyewe. Ni ileile ya "it is raining". Kiswahili hakihitaji kitu cha kupoa pale, tunasema "Njombe jua likizama baridi inaingia upesi". Anayeng'ang'ania kuandika "inapoa" ataulizwa ni uji au ni chai.

#3 Rejeta Kavu
Kamwene wote. Huku gereji hayo maneno tunayasoma kwenye stika za gari kila siku, na kuyaelewa vibaya ni kuungua uso. Imeandikwa hivi: "Allow engine to cool down before removing cap." Kuna fundi anasoma "cool down" anadhani anaamriwa AIPOZE injini. Anachukua ndoo ya maji ya mtoni anamwagia. Kwisha habari, silinda hedi inapinda au inapata ufa, na gasketi inaondoka.

Neno la kushika pale ni "allow". Acha ipoe yenyewe. Gari ikichemsha pale Kitonga:

Pembeni mahali salama, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani mpaka mwisho, kwa sababu hita nayo ni rejeta ndogo inayotoa joto. Kama feni inazunguka na hakuna maji yanayomwagika, iache isilensi (inawaka bila kukanyaga mafuta) dakika moja mbili ukiangalia geji. Geji ikigoma kushuka, au maji yameshatoka, zima kabisa. Subiri si chini ya nusu saa. Gusa mpira wa juu wa rejeta kwa uangalifu: ukiwa bado mgumu na wa moto, presha ipo ndani, usifungue. Ukilegea, weka tambara nene juu ya kifuniko, zungusha mpaka kituo cha kwanza, acha mvuke utoke, ndipo ukitoe. Maji au kulanti unaongeza kidogo kidogo injini ikiwa imepoa.

Sababu ya kurusha maji ni kwamba kile kifuniko kinashikilia presha, na maji yenye presha yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua ghafla presha inaanguka na yote yanageuka mvuke papo hapo. Na huku juu ni mbaya zaidi: Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Kifuniko kikichoka, gari iliyokuwa nzima Dar itachemsha Uyole.

#4 Kijiti cha Mti
Uzi wa Kiingereza umefika gereji kwenye posti ya tatu. Hongereni.

#5 Kalamu Nyekundu
Kijiti cha Mti, usicheke. Rejeta Kavu kagusa jambo ambalo vitabu vingi vya shule vinaliruka: kitenzi hiki kina pande mbili.

Upande wa kwanza hakina mtendwa: "The engine cooled down." Imepoa.
Upande wa pili kina mtendwa: "The rain cooled the engine down." Mvua imeipoza.

Kiswahili kinatofautisha kwa mnyambuliko, poa na poza. Kiingereza kinaacha umbo lilelile, unaangalia kama kuna kitu baada yake. Ndiyo maana fundi kachanganya.

Na kuna kosa linalojirudia kila mtihani. Nomino unaweza kuiweka mbele au nyuma: "cool down the milk" na "cool the milk down" zote sawa. Kiwakilishi lazima kikae katikati: "cool it down". Ukiandika "cool down it" umepata sifuri ya halali. Hali kadhalika "cool him down", "warm them up".

Kosa la pili ni "cold down". Linakuja kwa sababu mtoto anajua baridi ni "cold", basi anaibebesha kazi ya kitenzi. "Cold" ni kivumishi, haipoi wala haipozi.

#6 Mtindi wa Njombe
Nakazia hoja ya mwalimu, na mimi naongeza kutoka upande wa maziwa, maana maelekezo ya pakiti za kimelea cha mtindi (bakteria wanaogandisha maziwa) mengi yako kwa Kiingereza. "Heat to 85 °C, then cool down to 43 °C." Hako ka-"to" ndiko kanakoharibu sufuria. "Cool down TO 43" ni poza HADI nyuzi 43. "Cool down BY 43" ni poza KWA nyuzi 43, yaani punguza kiasi hicho. Ukimwaga kimelea kwenye maziwa ya nyuzi 60 umekiua, yatabaki maziwa tu. Ukimwaga yakiwa nyuzi 25, kimelea cha aina hii kinalala, mtindi hauji au unakuja mwembamba baada ya siku nzima.

Namna ya kupoza: sufuria ndani ya beseni la maji baridi, koroga taratibu, kipimajoto katikati ya maziwa, siyo kikigusa kitako cha sufuria. Baridi ya Juni huku Njombe inashusha haraka, na ukizubaa unapitiliza. Baada ya kutia kimelea, funga chombo kwa blanketi kikae na joto lake saa 6 hadi 8.

#7 Kijiti cha Mti
Mtindi wa Njombe, 85 toa 43 ni 42. Kwa hiyo hata aliyesoma "by" badala ya "to" mtindi wake umetoka vizuri. Mfano wako umechemka.

#8 Mtindi wa Njombe
Hahaha, hapo umenibana. Basi weka maziwa yaliyofika nyuzi 92 kwa mtu aliyesahau jikoni. Toa 43 yanabaki 49, na hapo kimelea kinaanza kuteseka.

#9 Abiria wa Mafinga
Samahani wakuu, mimi swali langu liko pembeni kidogo. Kwa nini "down"? Kupoa kuna uhusiano gani na chini? Na mbona kupasha ni "warm UP"?

#10 Zebaki
Rahisi. Kipimajoto. Daniel Fahrenheit alitengeneza cha zebaki mwaka 1714, na joto likipungua zebaki inashuka kwenye mrija, likiongezeka inapanda. Watu wakazoea kuona joto likipanda na kushuka. Hasira ikafuata njia hiyohiyo.

#11 Mlima Nyoka
Zebaki, hapo sikubali. Anders Celsius wa Uswidi alipotoa kipimo chake mwaka 1742, aliweka 0 kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye barafu. Kilikuja kugeuzwa baadaye. Kwa hesabu yake ya mwanzo, kitu kikipoa namba zinaPANDA. Mbona Waingereza hawakusema "cool up"?

#12 Zebaki
Namba zilipanda, zebaki ilishuka vilevile. Mtu anaangalia kimiminika kwenye mrija, hasomi rejista. Hoja yangu bado imesimama.

#13 Ngano ya Ismani
Haijasimama sana. Waingereza walitumia kupoa kwa moyo kabla ya kipimajoto chochote. Kwenye Beowulf, shairi la Kiingereza cha kale ambalo mswada wake pekee ni wa karibu mwaka 1000, kuna mahali panaposemwa mapenzi ya mtu kwa mkewe yanakuwa baridi zaidi kwa sababu ya huzuni inayomchemka ndani. Miaka 700 kabla ya Fahrenheit.

#14 Zebaki
Soma tena nilichoandika, mkuu. Swali lilikuwa "down", siyo "cool". Beowulf yako ina "cool" lakini hiyo "down" haimo.

#15 Kalamu Nyekundu
Mnaangalia neno moja mnaacha familia yake. Tazameni "slow down", "quiet down", "settle down", "die down", "turn down" ya redio. Hakuna kipimajoto kwenye redio. "Down" hapo ni kupungua mpaka kufikia hali ya kawaida. George Lakoff na Mark Johnson waliandika mwaka 1980 kwamba Kiingereza kinaona kingi kuwa juu na kichache kuwa chini: bei zinapanda, sauti inashuka. Rundo la mahindi likiongezeka linarefuka, sababu ni hiyo tu.

#16 Abiria wa Mafinga
Mwalimu, sasa nyumba ikiungua ikaisha wanasema "burn down", na karatasi ikiungua ikaisha wanasema "burn up". Hapo kingi na kichache viko wapi?

#17 Kalamu Nyekundu
Nyumba inaanguka chini, karatasi inaruka na moshi. Lakini nakiri "burn" ina vurugu zake, tusiilete hapa.

#18 Daktari wa Kitabu
Mimi nadhani mnatafuta kwenye kamusi jibu lililo mwilini. Mwaka 1983 Paul Ekman na wenzake Robert Levenson na Wallace Friesen walichapisha kwenye jarida la Science vipimo vya watu walioongozwa kuingia katika hisia mbalimbali. Kwenye hasira na kwenye hofu moyo ulikwenda mbio, lakini joto la vidole lilipanda zaidi kwenye hasira kuliko kwenye hofu. Mwenye hasira anapata mikono ya moto, mwenye hofu mikono ya baridi. Linganisha na maneno yenyewe: mwenye hasira anaambiwa "cool down", mwenye hofu Mwingereza anasema ana "cold feet". Na ndiyo sababu, kama Kalamu Nyekundu alivyosema #2, mwenye hofu huwezi kumwambia "cool down". Tayari kapoa huyo!

#19 Ngano ya Ismani
Nzuri, lakini mwenye aibu naye uso unapata moto, na hakuna anayemwambia "cool down". Na kuna nadharia ya kale ya Galeni wa Pergamo: mwili una ute wa aina nne, nyongo ya njano ni ya moto na kavu, ndiyo inayoleta hasira. Madaktari wa Ulaya waliifuata zaidi ya miaka elfu. Lugha inaweza kuwa imeokota huko, haikuhitaji kupima vidole.

#20 Kijiti cha Mti
Tumeanza na maziwa, tumepita kwenye rejeta, sasa tuko kwenye nyongo. Mods wasiufunge huu uzi.

#21 Binti Rungwe
Ndaga fijo kwa elimu. Ila mbona mnaizunguka Uingereza kana kwamba sisi hatuna yetu? Kiswahili kinasema "bosi kawaka", "damu ilimchemka", "maneno yake yalinipoza moyo". Mtego uko kwenye kurudi. Usitafsiri "he has cooled down" kwa "amepoa" kila mahali. "Amepoa" peke yake kwa watu wengi ni mtu mnyong'onyevu, hana raha, labda anaumwa. Salama zaidi ni "hasira zimemshuka" au "hasira zake zimepoa". Na "amechemka" ndiyo balaa: mtoto anaweza kuiandika kwa "he is boiling with anger" wakati mtaani maana yake ameshindwa, kafeli.

#22 Mlima Nyoka
Binti Rungwe, hasira ZIMESHUKA. Kumbe na sisi tuna "down" yetu. Zebaki, kipimajoto cha nani hicho?

#23 Zebaki
Sijibu.

#24 Mapokezi
Kwa wanaofanya kazi hotelini, mnaopokea wageni wa Kitulo na Ruaha: maana ya neno ni jambo moja, kulisema ni jingine. Mgeni amefika saa nne usiku, maji ya moto hakuna, anafoka. Ukimwambia "Cool down, madam" au "Calm down, sir" umemwagia petroli. Kwa Kiingereza, amri hiyo kwa mtu mzima aliye mbele yako inasikika kama unamwambia kosa ni la hasira yake, siyo la maji. "Relax" na "chill" ni mbaya zaidi, hizo ni za marafiki.

Badala yake taja tatizo lake kwa maneno yake: "You have no hot water. I'm sorry. I'm sending someone now, give me ten minutes." Kisha dakika kumi ziwe kumi kweli, siyo zetu.

"Cool down" inatumika salama katika sehemu mbili. Moja, unapomzungumzia asiyekuwepo: "Let's give him time to cool down." Mbili, ukijiweka na wewe ndani: "Let's all cool down and talk in the morning." Hiyo "let's" inagawa lawama.

Na mgeni aliyeshuka Mbeya kutoka joto la Mtera akisema "I'd love to cool off", hajakasirika na mtu. Anataka kuoga au kinywaji baridi.

#25 Abiria wa Mafinga
Asante sana Mapokezi. Sasa "cool off" na "cool down" zinaachana wapi?

#26 Kalamu Nyekundu
Nyingi zinaingiliana. "Cool off" inapenda mtu anayekimbia jua au joto: kuogelea, kukaa kivulini. Inapenda pia hamu au mapenzi yanayofifia: "Their relationship has cooled off." Mashine, chakula na mazoezi hupenda "cool down". Kwenye hasira zote mbili zinakwenda.

Angalieni na "cool" bila mkia. "Relations between them cooled" ni uhusiano ulioingia ubaridi, habari mbaya. "Tempers cooled" ni hasira zilizoshuka, habari njema. Kitenzi kilekile, kinategemea kilichokuwa na joto. Na "He was cool with me" mara nyingi ni alininunia, wakati "He's cool with it" ni hana tatizo nalo.

#27 Wakili Pembeni
Kuna ya kisheria pia, "cooling-off period", hiyo ni "off" siku zote. Uingereza mtu aliyenunua kitu kwa mtandao ana siku 14 za kubadili mawazo baada ya kupokea mzigo. Marekani, kwa sheria ya Taft-Hartley ya 1947, rais anaweza kuomba mahakama isimamishe mgomo unaohatarisha taifa kwa siku 80. Siku 14 hizo si za hasira, ni za tamaa ya kununua kupungua. Kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuruhusu kufungua shauri la talaka kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, mpaka mahakama itoe idhini. Haitumii jina hilo, ila kazi yake inafanana.

#28 Kijiti cha Mti
Miaka miwili ya kupoa? Hiyo ni kuganda.

#29 Rejeta Kavu
Narudi kwenye mambo ya msingi. Gari za tabo (turbo), hasa malori yanayomaliza mlima: usizime papo hapo. Acha isilensi dakika mbili tatu, vitabu vinaita "cool-down". Oili ndiyo inayopoza beringi za tabo. Ukizima ghafla oili inasimama, inaungulia pale pale na kuwa masizi magumu, na tabo inakufa mapema.

#30 Mtindi wa Njombe
Rejeta Kavu, kwenye #3 umesema ikichemsha zima, sasa unasema usizime. Tushike lipi?

#31 Rejeta Kavu
Hali mbili tofauti. Geji iko kawaida na umetoka kupanda: isilensi kwanza. Geji iko kwenye nyekundu na haishuki, au maji yamemwagika: zima, hiyo tabo utaijua baadaye. Kuna mafundi wanasema zima mara zote, kuna wanaosema usizime kamwe. Wote wawili wana wateja wa hedi zilizopinda.

#32 Kalamu Nyekundu
Na hapo Rejeta Kavu katumia nomino. Kwenye nomino mkazo unakaa mwanzo, COOL-down. Kwenye kitenzi unakwenda mwisho, cool DOWN. Makocha wa kupasha nao ni hivyohivyo, WARM-up na warm UP.

#33 Abiria wa Mafinga
Mwalimu, la mwisho. Kama "warm up" ni kupasha, mbona kuna sentensi "She slowly warmed to her new neighbours"? Kawapasha majirani?

#34 Kalamu Nyekundu
"Warm to" ni kuanza kumpenda au kumzoea mtu ambaye mwanzo ulikuwa mbali naye. Wamarekani huongeza "up": "warm up to". Na hapa hakuna kinyume kilicho sawa. Ukiacha kuwapenda majirani husemi "cool down to them", unasema "cool towards them".

#35 Zebaki
Mmeona? Amerika wameongeza "up". Kipimajoto.

#36 Mlima Nyoka
Na Waingereza wana "hot up", "things are hotting up", lakini hawana "cold down". Naomba mwenye maelezo ya hiyo kabla ya kesho, zoezi linasahihishwa saa mbili asubuhi.